Dawa za mishipa alizoficha baba yangu enzi za ruksa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Baba alikuwa fundi cherehani Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mbishi kwelikweli, na sigara haikumtoka mdomoni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi hizo za ruksa, biashara imefunguliwa na maduka ndiyo yameanza kujaa bidhaa, presha ikampanda akaanguka palepale kwenye cherehani.

Daktari akatueleza taratibu. Presha na moshi vimechubua utando laini wa ndani ya mishipa ya damu. Utando huo unaweza kupata nafuu, ila polepole: vidonge kila siku hata akijisikia mzima, chumvi kidogo, sigara basi, halafu atembee.

Sigara akaacha. Sikuamini.

Kutembea ndiko tulikokupenda. Kila asubuhi mimi na yeye, Kariakoo mpaka Feri kwa miguu, anasalimia kila mtu, ananitania kwamba natembea kama bibi harusi. Jamani, nazitamani zile asubuhi.

Vidonge tulinunua kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la dawa jirani. Lakini presha haishuki. Daktari akaongeza dozi, wapi! Nikaanza kumsema yule mama wa watu kwamba anauza feki.

Siku moja kikaja kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na kusema hawezi tena.

Nilipogeuza godoro lake nikakuta kopo la maziwa ya unga limejaa vidonge. Kumbe leo anameza, kesho anaficha. Mzee alishapanga sana foleni za sabuni na sukari miaka ya uhaba, na kwake kitu kikipatikana kinawekwa, maana kesho hakipo.

Nililia kwa hasira. Nikamuuliza, "Baba, dawa hizi ulikuwa unamwekea nani?"

Akainua mkono wa kushoto, akaninyooshea kidole mimi.

Baadaye ndiyo nikajua daktari alishamwambia ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Mimi Baba hakuniambia.

Hakumaliza mwaka. Leo nina presha kweli, na dawa zimejaa kila duka.

Nilichojifunza: usimuulize mzee wako kama amekunywa dawa. Kaa naye mpaka ameze. Mimi nilikuwa nauliza tu, anasema tayari, naondoka.

Mliouguza wazee wa hivi, andikeni hapa mliwawezaje. Wangu nilichelewa.