Kikohozi cha Gari Mbele ya Baba Mkwe

Mwaka nilipooa, nilikuwa dereva wa mwenye duka mmoja pale Njombe. Pikapu yake aliinunua kwa mlowezi mmoja wa mashamba ya miti ya miwati, na huyo naye aliinunua ikiwa imeshachoka. Milango ilifungwa kwa kamba ya katani, na sakafu ya mbele ilikuwa ya mbao. Lakini injini ilikuwa nzima, nami nilijivunia kama vile niliiunda mwenyewe.

Siku moja nilipotumwa Makambako kuchukua chumvi na mafuta ya taa, baba mkwe akasema naye anataka kwenda huko kumsalimu dada yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti zito na fimbo yenye ncha ya chuma. Nikamkalisha mbele kwa heshima zote. Mke wangu akapanda nyuma.

Hatujamaliza hata mteremko wa kwanza, injini ikaanza kukohoa. Puh! Puh! Gari likaruka kama mtu mwenye kwikwi.

"Mkwe," akasema baba mkwe bila kunitazama, "gari linaumwa?"

"Hapana, baba. Ni baridi tu."

Jua likatoka, baridi ikaisha, kikohozi kikabaki. Nikasimama. Baba mkwe akashuka kunyoosha miguu, nami nikasugua plagi kwa msasa. Nilipowasha, injini ikanguruma vizuri kabisa. Tukapanda kwa furaha. Puh! Nikasimama tena, nikafungua kabureta, nikaipuliza mpaka midomo ikanuka petroli. Yeye akiwa chini, injini safi. Akipanda, puh!

Hapo nikaanza kuona jambo nisilotaka kuliona: gari lilikuwa linamkataa baba mkwe. Sasa utamwambiaje mzee aliyekupa binti yake? Tukaenda tukirukaruka hadi Makambako.

Fundi wa pale njia panda hakuwa na aibu kama yangu. Alisikiliza, akawasha, akazima, kisha akamgeukia baba mkwe.

"Shikamoo, mzee. Naomba ukae ndani."

Akakaa. Puh!

"Shuka kidogo." Injini ikatulia.

"Kaa tena, mzee."

"Kijana," akasema baba mkwe huku akipanda, "hata kanisani hatuinuki na kukaa namna hii."

Watu wakaanza kukusanyika. Mwuza viazi mmoja, mama mnene mwenye sauti kubwa, akataka naye ajaribiwe. Akakaa mbele, akajitikisa kwa makusudi. Injini haikukohoa hata kidogo. Watu wakampigia makofi, naye akawapungia mkono kama bibi arusi. Baba mkwe akatazama kwingine. Nilitamani ardhi inimeze.

"Labda ni koti," akasema mmoja.

Koti likavuliwa. Baba mkwe akapanda na shati lake, upepo wa Makambako ukimpiga. Puh! Sasa watu walicheka waziwazi, na mke wangu akakasirika.

"Baba, shuka. Nipe hiyo fimbo nikushikie, nitakaa mimi!"

Akakaa, akaisimamisha fimbo katikati ya miguu yake, kama baba yake afanyavyo, akaiegemea. Puh! Puh!

Akainyanyua. Kimya. Akaikandamiza. Puh!

"Si baba!" akapiga kelele. "Ni fimbo ya baba!"

Fundi akang'oa ubao. Chini yake ulipita waya wa kwenda kwenye koili inayozipa plagi moto, ganda lake likiwa limelika. Kila fimbo ilipobonyeza ubao, waya uligusa chuma, na moto wa plagi ukakatika. Akaufunga kwa utepe, akausogeza pembeni, akarudisha ubao.

Baada ya kupakia mizigo na kumsalimu dada yake, tukaanza kurudi Njombe, baba mkwe akiwa ameisimamisha fimbo yake pale pale. Kisha nikasikia ko! Akagonga sakafu. Injini ikaendelea bila wasiwasi. Akagonga kwa nguvu zaidi, akainamisha sikio. Hakuna kitu. Nadhani alihuzunika kidogo.

Tulipofika, mama mkwe akatoka kutupokea.

"Kamwene! Habari za safari?"

"Gari liliumwa sana," akajibu baba mkwe, akivaa koti lake vizuri. "Wasingeweza kulitibu bila mimi."

Mimi na mke wangu tukashusha mizigo haraka, kila mmoja akigeuza uso pembeni kuficha kicheko.