Nilivyomwita Salma Atoke Uvunguni

Majuzi plagi ya birika la umeme iliungua ofisini kwetu. Haukuwa moto wa kutisha. Ilitoa moshi mwembamba tu, na ile harufu ya plastiki iliyoyeyuka inayong'ang'ania kooni. Wenzangu walicheka, wakafungua madirisha, mmoja akasema leo chai imekataa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao, tayari kueleza ripoti yangu. Nilipojitambua nilikuwa nje koridoni, mgongo ukutani, mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Ngojeni niwaeleze harufu ile ilinipeleka wapi.

Ilinirudisha Mbotela, mtaa nilikokulia, kwenye zile nyumba za zamani zenye dirisha moja dogo la vyuma, ambako ukikaanga kitunguu, jirani anajua mnakula nini. Mama yangu aliuza nguo za watoto kibandani hapo nje. Mlango wa pili aliishi Mama Salma, mwanamke wa pwani aliyepika bajia na viazi karai. Bintiye Salma alikuwa na miaka minne, nami tisa.

Nilikuwa mtoto mwoga ajabu. Niliogopa mbwa, niliogopa choo cha nje, niliogopa hata kuitwa jina langu darasani. Sauti yangu ilikuwa ndogo hivi kwamba mwalimu alisema nazungumza na kola ya shati langu. Watoto wenzangu waliponicheka, Mama Salma alinivuta kando akanipa bajia ya moto. "Waache, mwanangu," alisema. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Niliupenda sana msemo huo. Ulikuwa kama ruhusa.

Salma ndiye pekee aliyekuwa mdogo kuliko woga wangu. Tulicheza brikicho kila siku ya likizo, mimi natafuta, yeye anajificha, na kila mara alijificha mahali pale pale, uvunguni mwa kitanda chao, mguu mmoja ukiwa nje. Nilizunguka chumba nikijifanya simwoni mpaka acheke mwenyewe.

Mama Salma akienda sokoni alimfungia ndani kwa kufuli. Barabara ya Jogoo haikuwa mbali, na mtoto wa jirani mmoja alikuwa amegongwa na gari. Kina mama wengi walifanya vivyo hivyo. Walichoogopa kilikuwa nje, si ndani.

Siku hiyo, mchana, nilikuwa nimekaa kibandani na Mama harufu ile ilipotufikia. Halafu moshi ukaanza kutoka kwenye dirisha la kina Salma, mweusi, mzito, kana kwamba mtu anauvuta kwa kamba.

"Maze, mlango iko na kufuli!" kijana mmoja alipiga kelele.

Watu walijaa. Mzee Odongo, fundi wa vyuma, alikimbilia mtaimbo wake. Mama alivunja kioo cha dirisha kwa jiwe. Kila mtu akawa anaita, "Salma! Salma! Kuja hapa!" Na kadiri walivyoita ndivyo kulivyozidi kuwa kimya humo ndani.

Nilijua alipokuwa. Nilimvuta Mama nguo nikamwambia, "Amejificha uvunguni."

Mama aliinama, macho yake yakawa karibu sana na yangu. "Basi mwite wewe. Sisi anatuogopa."

"Siwezi, Mama."

"Njeri. Mwite."

Akageuka akawafokea watu, "Nyamazeni nyote!" Wakanyamaza. Sijawahi kusikia kimya cha kutisha kama kile. Watu wazima wote wa ploti yetu walikuwa wakinitazama, na nyuma ya vyuma kitu kilikuwa kikipasuka taratibu kama kuni mbichi. Mama aliniinua hadi dirishani. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilikuwa natetemeka hata meno yaligongana. Nilijaribu tena.

"Salma. Nimekuona."

Nilisogeza uso karibu na vyuma.

"Nimekuona, uko uvunguni. Toka, sasa ni zamu yako kutafuta."

Kikohozi kikasikika, kisha sauti ndogo iliyokasirika. "Hujaniona! Wewe mwongo!"

"Nimeona mguu wako," nilisema huku nalia. "Toka, Salma. Umeonekana."

Sheria ya mchezo ilikuwa moja tu, ukionekana unatoka. Akatoka. Nilikiona kichwa chake kikija kwenye moshi, akitambaa, akinung'unika. Mama alinishusha, akapenyeza mkono katikati ya vyuma, akamshika na kumfunika uso kwa leso iliyoloweshwa maji. Hakumwachilia mpaka Mzee Odongo alipovunja kufuli na kuingia. Salma alitolewa akikohoa, nywele za upande mmoja zimeungua. Muda mfupi baadaye kitanda kilishika moto chote.

Alilazwa hospitalini, akapona. Siku hiyo Mama Salma aliporudi kutoka sokoni na kikapu chake, wanawake walianza kunong'ona. Mama yangu alisimama katikati yao. "Nani hapa hajawahi kumfungia mtoto?" aliuliza.

Jioni hiyo nilimkuta Mama nyuma ya nyumba, ameinama kwenye mfereji, anatapika. Mikono ilimtetemeka hata hakuweza kuufunga ule mfereji, maji yakawa yanamwagika tu. "Nenda ndani," aliniambia bila kunitazama. Nikaenda. Niliogopa wakati huo kuliko nilivyouogopa moto. Kama Mama naye anaogopa, nilijiuliza, nani atatulinda? Kwa muda mrefu nililala nimeshika gauni lake.

Msidhani nilitoka pale jasiri. Shule ilipofunguliwa niliendelea kuzungumza na kola yangu. Nimekua, nimesoma, nimepata kazi na nyumba ya kupanga Komarock, na miaka yote hiyo nimewaachia wenzangu wasimame kueleza kazi niliyoifanya mimi, mpaka majuzi mkubwa wangu aliponitaka nisimame mwenyewe. Nilisema moyoni kwamba nitasimama siku nitakapoacha kutetemeka. Niliamini wanaosimama hawana hofu, na kwamba mimi na Mama tuliumbwa na kasoro ile ile.

Pale koridoni ndipo nilipojiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Je, Salma aliijali sauti iliyotetemeka? Nikarudi ndani. Nilisoma ripoti yangu huku karatasi zikitikisika mkononi, na mkubwa wangu alipotaka nirudie sehemu moja, nilirudia.

Sasa ndipo ninapoielewa ile jioni. Nilimwona mama yangu akitetemeka kwenye mfereji nikadhani ulinzi wetu umekwisha. Kumbe huo ndio uliokuwa ulinzi wenyewe, ukitetemeka kwa sababu hatari ilikuwa imepita na hatimaye ulikuwa umepata nafasi.