Ubeti wa Nne Chini ya Masizi

Nimepiga picha vitabu vingi vya kale kwa ajili ya maktaba yetu ya Same, na vingi hunifikia vikiwa vimeliwa na mchwa. Kile cha kijiji cha Mhezi, juu milimani, nilikikuta kimekaushwa kwa moshi kama nyama. Bibi mwenye nyumba alikiweka darini, juu ya mafiga, kama mama yake alivyokuwa akifanya, kwa sababu ukungu wa huku juu hulowesha hata chumvi. Nilitaka kufoka. Nilipokifungua nikanywea, maana hakikuwa na hata tundu moja la mdudu.

Kilikuwa kitabu cha nyimbo za kanisani kwa Chasu, lugha ya Wapare, na usharika mzima haukuwa na kingine. Nikamwamkia bibi, nikamwambia nitapiga picha kila ukurasa.

"Marahaba, mwanangu. Piga zote, lakini shida yangu ni wimbo wa mwisho," alisema. "Ndio tuliomzikia mama. Beti tatu ninazo kichwani, wa nne umenitoka, na waliokuwa wakiujua wote wametangulia. Mimi sitaki kuzikwa na beti tatu."

Mkwewe, aliyekuwa akimenya ndizi, alicheka, kisha akaona bibi hacheki.

Nikafunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, lenzi ikitazama chini, kitabu juu ya kitambaa cheusi, nikawasha taa zangu mbili, moja juu na moja pembeni. Kurasa za katikati zilitoka safi. Ila jalada la nyuma lilikuwa limeng'oka zamani, na ukurasa wa mwisho, wenye wimbo ule, ndio uliopokea moshi wa miaka yote hiyo. Ulikuwa mweusi tii. Kufuta sikuthubutu, karatasi ingebaki mkononi. Nikapiga picha, nikaikuza kwenye kompyuta, nikaona weusi uliokuzwa.

"Vipi?" bibi akauliza.

Niliinuka kuzima taa zangu. Nilipozima ya kwanza, ile ya pembeni iliyobaki ikaupiga ukurasa kwa ubavu, na herufi zikajitokeza. Vitabu vya enzi hizo vilichapwa kwa herufi za madini ya risasi zilizogandamizwa kwenye karatasi, zikaacha mabonde. Masizi yalikuwa yamefunika wino, mabonde yakabaki. Sasa kila herufi ilikuwa na kivuli chake, kama matuta ya tangawizi jua la asubuhi linapoyapiga. Nikaishusha taa zaidi, karibu ilale mezani, nikabonyeza huku nimebana pumzi.

Miaka yote hii nimeishika kamera, na siku hiyo niliiogopa. Nilihisi nimesimama mahali ambapo ningepaswa kuvua viatu.

Nikaikuza picha hadi herufi zikawa kubwa kama kidole gumba, nikamgeuzia bibi kompyuta. Macho yake yalikuwa yameshindwa na maandishi siku nyingi. Akasogea, akafuata mstari kwa kidole, midomo ikitembea. Alipofika katikati sauti ikamtoka, kwanza ya kusoma, halafu ya kuimba. Mkwewe akaacha kisu. Mimi nililia, wala sikujificha.

Bibi alimaliza ubeti, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamgeukia mkwewe.

"Haya, shika sauti," alisema. "Siku ya kunizika mimi sitawaanzishia."