Nilimng'oa Kaka Mpira wa Kupumulia, Nikamsingizia Rama

Nimekosa, tena vibaya! Nasema mapema ili usije ukanionea huruma katikati ya habari, halafu ukafika mwisho ukaijutia huruma yako. Kaka yangu leo hana sauti kwa sababu ya mkono wangu. Na mtu mwingine asiye na kosa amefukuzwa kwenye kazi yake kwa sababu ya mdomo wangu.

Mimi ni mchimbaji mdogo huku Geita, nimepanga chumba Kalangalala. Kaka yangu Shija ndiye aliyenileta kutoka kwetu Mhunze na kuniingiza kwenye kazi. Alikuwa na duara, yaani shimo la dhahabu, kwa ubia na jamaa mmoja wa Singida anaitwa Ramadhani. Sote tulimwita Rama. Wao walishuka chini, mimi nilikaa juu kwenye bloa, ile mashine inayosukuma hewa kwenda chini kwa mpira mrefu. Chini kabisa ambako ni pembamba, mtu anaubana ule mpira kwenye meno na kuvuta hewa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipozaliwa. Kazi ya bloa ina sheria moja. Upepo ukigeuka, moshi wa jenereta unaingia kwenye mpira na yule wa chini anavuta sumu. Ukimwona mtu ana mpira mdomoni halafu anakohoa, anatapatapa, macho yanamtoka, usimuulize kitu. Mng'oe mpira kwanza! Niliwahi kushuka mwenyewe nikamng'oa Rama hivyo hivyo, akatapika, akapona, akanikumbatia akilia. Tangu siku ile aliniita mdogo wake.

Basi duara letu likaanza kutoa mawe mazuri. Kambi nzima ilijua. Na hapo hapo, wakati tunaanza kucheka, udongo ukaporomoka ukamfunika kaka.

Siku hiyo Rama hakushuka. Alisema tumbo linamsumbua.

Unaona? Hata wewe umeshaanza kuwaza. Na sisi tulianza hivyo hivyo. Kambini mtu akitajirika wanasema ametoa kafara, ana ndagu, ile dawa ya utajiri inayodai damu ya mtu. Watu walikuwa bado wanachimbua kifusi kwa mikono na tayari nilisikia mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Mbia wake yuko wapi?"

Kaka alitoka hai, ila kifua kilikuwa kimebondwa. Tukamkimbiza hospitali kubwa, akalazwa chumba cha mahututi, akawekewa mpira mdomoni wa kupumulia na mashine pembeni. Rama ndiye aliyetafuta gari, na ndiye aliyekuwa anaitwa na madaktari, kwa sababu mimi kila wakiongea nilikuwa nalia tu. Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje namhesabia makosa. Kwa nini anaongea na daktari kwa sauti ya chini? Kwa nini nikisogea wananyamaza? Na lile shati la kaka lenye damu, ambalo manesi walilikata kwa mkasi, kwa nini alilikunja akalitia kwenye mfuko wake?

Nilimwambia shemeji yangu Mama Kulwa, mke wa kaka, kuhusu shati. Akashika kichwa. "Shemeji, shati lenye damu! Analipeleka wapi?"

Sikumuuliza Rama. Hilo ndilo linaloniuma, jamani. Swali lenyewe lilikuwa la maneno matatu, nami sikuliuliza.

Alasiri moja, saa za kuona wagonjwa, tulikuwa mimi na Rama tu. Kule wanaingia mmoja mmoja. Akaingia yeye, akakaa kidogo, akatoka anajifuta uso. Akaniwekea mkono begani.

"Dogo, usishtuke ukimwona anahangaika. Wamempunguzia dawa ya usingizi. Daktari anasema ni kawaida."

Yeye alisema hivyo. Mimi nilisikia kingine kabisa. Nilisikia mtu ananiandaa nimwangalie kaka yangu anakufa na ninyamaze!

Nikaingia. Nesi alikuwa kitanda cha mwisho, ametupa mgongo. Nikamsogelea kaka, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono. Walikuwa wamemfunga mikono yote miwili kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda! Mungu wangu, mgonjwa anafungwa kama mwizi? Damu ilinipanda.

Halafu akafungua macho. Akaniona, naapa aliniona, kwa sababu machozi yalimtoka. Akaanza kukohoa juu ya ule mpira, kifua kinaruka, shingo inakakamaa, mikono inavuta bandeji. Mashine ikaanza kulia. Mimi sikuwa tena hospitali, ndugu yangu. Nilikuwa chini kwenye duara, nimeona mtu ana mpira mdomoni na anatapatapa, na nilijua nani ameweka moshi.

Nilifungua bandeji ya mkono mmoja. Nikashika mpira. Nikauvuta.

Haukutoka kirahisi. Sikujua kwamba kule ndani kuna kitu kama puto kimejazwa upepo, kinaushikilia mpira chini ya koo. Nilivuta kwa nguvu za mchimbaji na ukatoka wote pamoja na damu. Nikasubiri kaka avute hewa, aseme jina langu, kama Rama alivyofanya. Hakuvuta. Midomo ilibadilika rangi mbele yangu!

Nesi akaja mbio anapiga kelele kuita daktari. Nikautupa mpira kitandani. Akanitazama, akatazama bandeji iliyofunguliwa.

"Nani amemfungua? Nani?"

Na hapo nikasema neno ambalo kila siku natamani kulimeza. "Nimeingia sasa hivi, sista. Nimekuta hivi hivi. Aliyetoka humu ni Rama."

Sikusema kwa kupanga. Nusu ya moyo wangu iliamini ni kweli, kwamba hata kama mkono ni wangu, muuaji ni yeye. Nilipofukuzwa nje nikamkuta amesimama mlangoni, ananiuliza, "Dogo, vipi? Vipi?" Nikampita.

Madaktari walihangaika na kaka sana, koo lilikuwa limevimba na mpira mwingine hauingii. Mwisho wakamtoboa shingoni. Hakufa. Daktari alitoka amechoka, akatuambia kitu ambacho bado nakisikia. "Alikuwa anaamka. Tulitaka kumtoa wenyewe, taratibu. Mikono tulimfunga asije akajing'oa."

Alikuwa anaamka! Kule kutapatapa kwake ndiko kulikuwa kupona.

Ningesema pale pale. Midomo ilikuwa wazi kabisa. Lakini Mama Kulwa alikuwa ameshaanguka chini analia, anamtaja Rama na shati, na watu wamejaa, na mimi nikaona nikisema sitatoka pale mzima. Nikafunga mdomo.

Polisi walimchukua Rama. Akajitetea, maskini, kwamba yeye ndiye aliyeniambia nisishtuke. Askari akamuuliza, "Kumbe ulijua atahangaika?" Wakamwachia baadaye kwa kukosa ushahidi, lakini kambini haukuhitajika ushahidi. Walivunja banda lake, wakamrushia mawe, wakamwita mchawi. Alikimbia na nguo alizovaa na mfuko mmoja tu. Mimi nilikuwa kwenye umati. Sikurusha jiwe, kama hilo linasaidia kitu. Nilisimama tu.

Kabla hajaondoka alipita kwa Mama Kulwa, akaacha mfuko mlangoni bila kubisha hodi. Ndani yake kulikuwa na shati la kaka. Amelifua, ameshona pale mkasi ulipopita. Mama Kulwa hakuligusa. Alilichoma, akijua amechoma uchawi.

Kaka tulimrudisha Mhunze kwa mama. Sauti imekwenda, anatoa upepo tu, na mkono wa kulia hauna nguvu kwa sababu ya kule kukosa hewa. Ila akili yake imo yote. Kila nilipokwenda kumsalimia nilijipa moyo kwamba hakumbuki.

Jumapili moja tulikuwa tunakula uani. Mama akaanza kumlaani Rama kama kawaida yake, anamwombea avunjike mifupa. Kaka akapiga sahani chini. Kila siku alikuwa akifanya hivyo, na kila siku wanasema, "Mwacheni, anaogopa hata kulisikia jina." Safari hii hakuishia kwenye sahani. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, akaupeleka mkono wangu mpaka mdomoni kwake. Akavikunja vidole vyangu kama vimeshika kitu. Halafu akavivuta.

Mara mbili alirudia, ananitazama usoni.

"Mayu wane! Mama yangu!" mama akasema polepole. "Wee nyanda, kijana wangu, kaka yako anasema nini?"

Nikawaambia. Nikawaambia wote, uani pale, na ugali unapoa. Mama hakunipiga. Aliinua sahani yangu akaenda kuwamwagia kuku.

Baada ya hapo nilimtafuta Rama, nikampata mjini Isaka anapakia mizigo kwenye malori. Amekonda, na nywele zimeanza mvi. Nilipiga magoti penye vumbi, mbele ya madereva. Akaniacha niseme yote, hakunikatisha. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi angenitukana.

"Shija yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai."

"Kwenu umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Na kambini?"

Nikatikisa kichwa.

"Wewe uliwahi kuniokoa, sijasahau," akasema huku ananyanyua gunia. "Lakini kule mimi bado ni mchawi. Nenda kawaambie wale, ndiyo uje tusalimiane."

Sijaenda. Ndiyo maana naandika hapa kwanza, nijizoeze kuyasema. Nawaogopa wale watu, nilishaona wanavyorusha mawe. Na najua unachowaza wewe unayesoma, kwamba jina langu silitaji hapa, wakati jina la Rama kambi nzima inalijua. Kweli kabisa. Ni woga huo huo wa siku ile mlangoni.

Nyumbani kwetu sasa mimi ndiye ninayeshukiwa. Nikienda Mhunze, Mama Kulwa hatoki chumbani kwa kaka mpaka niondoke. Nikimpikia kaka uji, shemeji anaonja kwanza kijiko kimoja, anasubiri, ndipo anampa. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemfundisha kumtazama mtu hivyo.

Ewe mwenye mgonjwa, nakuomba! Ukimkuta amefungwa mikono, uliza. Ukimwona anahangaika, mwite nesi, piga kelele, mtukane daktari ukitaka, lakini mpira usiuguse! Ulichokizoea kazini kwako kiache getini. Na kama una mtu unamshuku, mwulize yeye mwenyewe, mbele ya watu, kabla hujamtaja kwa mwingine.

Kesho asubuhi naenda kambini. Leo niko Mhunze, na nimemwambia kaka. Alinisikiliza, halafu akaelekeza kidole kwenye viatu vyake vya shimoni vilivyo nyuma ya mlango, kisha akajielekezea mwenyewe. Anataka kwenda na mimi.