Mdogo Wangu Alivyokuwa Depite wa Bunia

Mdogo wangu alitutangazia habari yake jikoni, Mama akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, mi niko kandida," alisema.

"Kandida ya nini tena? Si ulimaliza masomo?"

"Kandida ya udepite. Mu Asemble ya jimbo."

Mchi ulisimama: mbunge wa jimbo, nyumbani kwetu? Mama alimtazama kama mtu aliyesikia kwamba mwanawe anaolewa na watu asiowajua. Mdogo wangu alikuwa ametoka juzi tu chuoni, ana diploma ya sheria, na umri wake ndio kwanza ulikuwa umefika pale sheria inaporuhusu. Mimi nilikuwa mlangoni, nasafisha lenzi ya kamera yangu, maana mimi ni mpiga picha wa harusi na ubatizo. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, ila nikamwona Baba.

Baba alikuwa mchuuzi wa samaki huko ziwani, upande wa Mahagi, kabla vita haijatusukuma mpaka Bunia. Alizima redio yake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Politike njo ilituchomea nyumba," alisema. "Siye tulitoka kule na nguo ya mwilini. Sasa weye unaifuata na miguu yako?"

"Baba, siku ile hakuna mukubwa alisema hata neno moja juu yetu. Mi nataka kusema."

Baba hakumlaani wala hakumbariki. Alichukua redio yake akaingia chumbani.

Kesho yake nilimpiga picha ya afishi, bango la kampanye. Nilimwambia akunje uso kidogo, aonekane mheshimiwa. Alijaribu, akashindwa, akacheka, na mimi nikabonyeza palepale. Marafiki wote walisema picha ile haifai, kandida gani anacheka? Yeye akasema hiyohiyo. Wiki ile uso wake ukawa unacheka kwenye kuta za mtaa wa Mudzi-Pela, kwenye miti ya mtaa wa Nyakasanza, hata kwenye mlango wa choo cha jirani yetu mmoja aliyetaka kutusaidia kwa namna yake.

Kampanye ilikuwa tamu, sijui niseme vipi. Wenzake walikuwa na magari yenye spika kubwa juu. Sisi tulikuwa na pikipiki yangu, moto kama tunavyoiita, megafoni ya kuazima, na vumbi. Nilikuwa namwendesha tangu asubuhi mpaka jioni. Sokoni, mama mmoja muuza samaki kavu alimkamata mkono asipite.

"Mutoto, kwanza utuambie. Weye uko wa kabila gani?"

Watu wakasogea kusikia. Huku kwetu swali hilo linaweza kumaliza mkutano.

"Mama, ntakuambia," mdogo wangu alijibu, "lakini weye kwanza uniambie: mvua ikinyesha, hii maji ya soko inaingia kwa kabila gani?"

Mama yule alitazama ndoo zake zilizozungukwa na tope, akatazama meza za wenzake wa pande zote. Kisha akaanza kucheka, na kicheko chake kikapita meza kwa meza. Walimvalisha kitenge shingoni. Tulipotoka pale kulikuwa na kundi linakimbia nyuma ya moto yetu linaimba jina lake, na mimi nilikuwa nalia ndani ya helmeti.

Habari hiyo ilimfikia mkubwa mmoja ambaye naye alikuwa anasimama kugombea kiti hichohicho, tena si kwa mara ya kwanza. Siku ya Jumapili, baada ya misa, gari lake lilisimama mbele ya ua wa parsele yetu. Alikaa kwenye kiti kizuri cha Mama, akasema na Baba kwa upole sana.

"Muzee, huyu binti iko na akili. Lakini iko bado mutoto. Aniachie nafasi, mi ntamutafutia kazi muzuri mu ofisi. Weye njo baba. Ukisema, atasikia."

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na ukuta. Sote tulijua Baba hakuipenda safari ile. Kama kulikuwa na siku ya kuikata, ilikuwa siku hiyo.

Baba alivuta kiti chake karibu na mgeni.

"Mukubwa," alisema, "siku nyumba yangu iliungua, ulikuwa depite?"

Mgeni akakohoa. "Nilikuwa, muzee."

"Ulisema nini?"

Mgeni akashika funguo za gari lake. Baba akainuka.

"Basi uache mutoto yangu aseme."

Gari lilipoondoka, Baba aliniomba afishi moja. Aliibandika mwenyewe juu ya mlango wa nyumba, akaipapasa pembe zote nne zishike. Mdogo wangu alimrukia shingoni kama mtoto mdogo, na Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Siku ya kura Baba alivaa koti. Alitoka kwenye ile mashini ya kupigia kura, inayoonyesha sura za makandida, anatabasamu. "Nimemuona," alituambia. "Katikati ya wale wote wamekunja uso, iko anacheka yeye peke yake."

Matokeo tuliyasikia redioni, parsele imejaa watu. Jina lake liliposomwa sikusikia lililofuata, maana tulikuwa tumeshaangukiana, na mtu fulani alikuwa ananimwagia maji kichwani.

Nilikuwa na kamera yangu siku alipouliza swali lake la kwanza katika Asemble, juu ya daraja dogo ambalo watoto wa mtaa hulipita kwenda shule. Alianza kwa Kiswahili. Kiongozi wa kikao akamkatiza: "Honorabo, kwa Kifaransa."

"Monsieur le président," alisema, "wale wanavuka ile daraja wananisikiliza sasa mu redio. Katiba yetu inakubali Kiswahili."

Bamama wa soko waliokuwa nyuma walipiga makofi mpaka wakatishiwa kufukuzwa. Na waziri wa jimbo aliyeulizwa alijibu kwa Kiswahili, akikwaa hapa na pale, akaahidi mbao. Mbao zilikuja, si zote, lakini daraja likasimama.

Baadaye, kwa ajili ya vita, jimbo liliwekwa chini ya wanajeshi, Asemble ikafungwa. Mdogo wangu alilia siku moja. Siku iliyofuata alipanga viti chini ya paa la mabati nyumbani kwetu, na mpaka leo kila Jumamosi watu wanakuja: huyu na kesi ya shamba, yule na mtoto aliyefukuzwa shuleni. Uchaguzi ukifunguliwa atasimama tena.

"Udepite tulishapita," Baba anawaambia wageni. "Sasa ni gavana."

"Baba!"

"Gavana, mi nimesema," anajibu, na kuwasogezea wageni viti.