Vitanda vya Wageni Kule Moshi

Hapa Mraru hakuna aliyeozesha binti ng'ambo ya mpaka bila kupita kwanza kwa Jerusha. Miaka ile wasichana wetu walikuwa wakiolewa Moshi, na sisi wageni wa bibi harusi tungesafiri kama mbuzi wasiojua malisho kama si yeye. Alikuwa akifanya biashara ya vitambaa kati ya Taveta na Moshi, akaijua Moshi hadi vichochoro.

Mawaidha yake tuliyashika kama katekisimu. Beba blanketi, kwa sababu baridi ya mlimani haiogopi suti. Usilale lojing'i za karibu na stendi, kunguni wa pale hawaheshimu harusi. Wakikuuliza kama umechoka, kataa, la sivyo utalazwa pamoja na watoto. Na usizidishe siku. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mashamba ya kule, alisema, ni ya mteremko.

Lakini lililomkaa moyoni zaidi lilikuwa la vitanda. Kwenye harusi moja, wageni wengine walifika mapema wakapewa malazi yetu, na mama zetu wakongwe wakalala wameketi kanisani. Aibu ile Jerusha hakuisahau. Tangu hapo alitaka mtu mmoja atangulie, atandike mashuka yetu wenyewe na kuvilinda vitanda. Na huyo aliyetangulia hakuruhusiwa kutoka mpaka mgeni wa mwisho afike.

Mwaka wa sabini na saba, mwezi wa pili, Reuben, mzee wa kanisa, alikuwa akimwozesha binti yake Alice. Siku zote Jerusha alitangulia mwenyewe, ila safari hii mguu ulikuwa umemvimba. Akamtuma Loise, mtoto wake wa pekee.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu tuliyaona. Redioni serikali za pande mbili za mpaka zilikuwa zikigombana. Basi la kutoka Moshi lilikuja karibu tupu. Mwanzia, dereva wa lori la vitunguu, alisema kwenye kizuizi cha mpakani polisi wameongezwa na hawataniani tena na madereva. Jerusha alitaka harusi iahirishwe. Reuben akamjibu kwamba kelele za wakubwa hazijawahi kuzuia ndoa ya Mkristo, nasi tukaendelea kuanika suti zetu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Loise aliondoka na furushi la mashuka kichwani. Mama yake alimsindikiza hadi barabarani akichechemea.

"Usitoke pale mpaka nifike," alimwambia. "Hata wakikuambia nini."

"Sawa, mama."

Ijumaa tukafuata. Tangu Taveta barabara ilikuwa kimya kwa namna iliyonikosesha raha, na wanawake waliokuwa wakiimba basini wakanyamaza mmoja mmoja. Pale mpakani kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Ofisa tusiyemjua alisema hapiti mtu, si leo wala kesho. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutia hofu. Alice akaketi juu ya sanduku la gauni lake.

Kando ya barabara tuliliona lori la Mwanzia. Lilikuwa limevuka asubuhi hiyo, la mwisho kuruhusiwa. Jerusha alimwendea haraka, mguu na maumivu yake akivisahau, akamuuliza kama alimwona Loise.

Mwanzia alishindwa kumtazama. Alisema habari za kufungwa kwa mpaka alizipata alfajiri kule Moshi, akaenda moja kwa moja hadi kwa wakwe wa Alice, alikokuwa Loise. Alimsihi msichana apande, nafasi ya mbele ilikuwa wazi. Alimsihi mpaka madereva wenzake wakaanza kumpigia honi.

"Alikataa, Mama Loise. Alisema nikuambie vitanda vyote ameshatandika. Anawangoja."

Nilimwona Jerusha akishika mlango wa lori. Sijawahi kumhurumia mtu namna ile. Hatimaye alimwendea yule ofisa. Hakuomba kuvuka. Aliomba tu kwamba akipatikana yeyote wa kwenda Moshi, amwambie binti yake kuwa mama amemruhusu kutoka.

Ofisa alimjibu kwamba hakuna wa kwenda.