Wimbo Nisiouimba Nyuma ya Shuka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka kikombe chini kwanza. Siku hiyo watu wa Rujewa walinisifu kwa wimbo ambao sikuuimba. Walinishika mikono, mama mmoja akanipa mayai matatu, na mimi nimesimama nimeziba mdomo kwa kanga kama mtu anayeumwa jino. Nitakueleza ilivyokuwa. Nikipotea njiani nivumilie, mimi niliishia darasa la tatu, sijui kunyoosha habari kama nyinyi.

Nilikulia Iringa mjini, miaka ya sabini ndiyo ujana wangu. Jumamosi mchana tulikuwa tunakwenda sinema kuangalia picha za Kihindi. Maneno hatukuyajua hata moja, lakini nyimbo tulizishika zote. Nikisikia wimbo mara mbili, umekwisha kuwa wangu. Baba yangu, Mhehe wa zamani, akawa ananiuliza, "Unaimba nini wewe? Kama unamtukana mtu je?" Namwambia, "Baba, ni mapenzi." Anasema, "Ndiyo hayo hayo."

Nikaolewa na fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, akanipeleka Rujewa. Ukitoka Iringa kwenye baridi ukashuka Usangu, unaona nchi imelala chali, jua limekaa juu yake. Nilikonda. Aliyenifanya nikapazoea ni msichana mmoja jirani, Tusekile, Mnyakyusa. Mama yake alitoka naye Rungwe kuja kulima mpunga baada ya kufiwa na mume. Tulikuwa tunapandikiza mpunga pamoja, tumeinama ndani ya jaruba, maji yanafika kwenye magoti, mimi namfundisha zile nyimbo. Alizishika, ila alikuwa na tabia yake: akifika mwisho wa mstari anameza kidogo, halafu anaachia pumzi kama mtu anayepoza uji. "Hh." Hivyo. Nilimwambia, "Tuse, wale hawafanyi hivyo." Akasema, "Wale ni wao, dada. Mimi ndivyo ninavyokwisha."

Masika ile mto ukamchukua. Alikuwa anavuka kwenda shamba, watu wakaona kanga, halafu hawakuona kitu. Walitafuta siku tisa. Mwili haukupatikana.

Sasa wale majirani zangu walikuwa na desturi. Mtu akipotea majini, unazikwa mgomba badala yake. Unakatwa kipande cha urefu wake, unavishwa nguo yake, unaliliwa, unafukiwa, na msiba unakwisha. Rujewa migomba ya maana haikuwepo, kwa hiyo mjomba wake alikwenda mpaka Rungwe akauleta kwa basi, ameufunga mkeka. Wakaulaza ndani kwa mama Tusekile kungoja ndugu wafike. Nilikwenda kusalimia, "Ugonile, mama," naye akaniitikia vizuri tu. Alikuwa mama mtulivu. Alisema watazika wiki ijayo.

Katikati ya kungoja huko ndipo akaja Bwana Ramji.

Ramji alikuwa fundi redio wa Mbeya, Mhindi aliyezaliwa palepale Mbeya. Alikuwa na Landrova, jenereta na mashine ya kuonyeshea picha, anazunguka Chimala, Rujewa na kwingine. Kwetu alionyesha mchana, ndani ya ghala la mpunga, picha zinaangukia shuka jeupe lililotundikwa. Ghala halikuwa na dirisha. Mlango ukifungwa, mchana unabaki nje. Safari ile akafika, watu wamejaa, akawasha, picha inatembea lakini bubu. Ndani ya ile mashine kuna kitaa kidogo kinachosoma sauti pembeni ya mkanda, kimeungua, na kingine mpaka kitoke Dar es Salaam.

Watu wakaanza kupiga kelele. "Ramji! Hawa wanatafuna nini, mbona hawamezi?"

Mume wangu, kwa majivuno yake, akasema, "Mke wangu anazijua hizo nyimbo zote."

Ramji akaniangalia. "Kweli, dada? Basi tutafanya kama kwa babu zangu. Zamani picha zilikuwa bubu kabisa. Wapigaji walikuwa wanakaa chini ya shuka na ngoma na kinanda, mtu mmoja amesimama na fimbo anaeleza. Bombay walieleza kwa lugha yao, Kalkuta yao, Madras yao, picha moja masikio mengi. Mimi nitaeleza kwa Kiswahili mbele. Wewe kaa nyuma ya shuka uimbe."

"Kwa nini nyuma? Nina kidonda usoni?"

Akacheka. "Huyu mama mzuri unayemwona kwenye picha hajawahi kuimba maishani mwake! Zamani kweli waliimba wenyewe picha inapopigwa, wapigaji wamefichwa nyuma ya miti wasionekane. Siku hizi uso wa huyu, sauti ya yule. Mwenye sauti haonekani. Akionekana, uso unakufa."

Maneno hayo niliyaona matamu. Ningeyapima kidogo ningeona yana mwiba.

Nikakaa nyuma ya shuka juu ya debe, magunia ya mpunga mgongoni kwangu. Vumbi la pumba linaelea kwenye mwanga. Picha naiona kwa nyuma, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto, yule mwanamke ananitazama mimi na siyo watu. Ilikuwa habari ya binti anayeolewa mbali, anamwimbia mama yake wimbo wa kuaga. Alipofungua mdomo, nikafungua wangu. Mwanangu, ghala lilinyamaza. Sijawahi kunyamaziwa vile tena, hata kanisani.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Waliosema ni mimi niliyeimba walikuwa wachache, wengi walidhani Ramji ametengeneza mashine. Lakini mimi nilijua, na wenyewe wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Usiku mzima nawaza, kesho nifanye nini zaidi ili walie?

Hapa ndipo penye kosa langu, nalisema bila kulipaka mafuta. Jumapili, kwenye ule wimbo wa kuaga, mwisho wa mstari, nikameza kidogo nikaachia pumzi ya Tusekile. "Hh." Nilijua ninachofanya. Nilijua ni ya nani.

Mstari wa pili nikarudia. Nikasikia benchi limeanguka. Halafu sauti ya mama Tusekile, pole pole, kama anayeamsha mtoto: "Tuse?"

Nikaendelea kuimba. Unauliza kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wananyamaza.

"Tuse, mwanangu, uko wapi huko? Kuna baridi?"

Nikaona kiganja kimegusa shuka upande wa pili, vidole vitano vyeusi katikati ya uso wa yule mwanamke wa picha. Mimi niko mbali naye kama wewe na meza hiyo. "Wanataka nikuzike," akasema. "Nikuzike?"

Na mimi, mwanangu, mstari ulikuwa umefika mwisho. "Hh."

Ramji akazima mashine. Wanawake wakamtoa yule mama nje, anacheka. Nilimsikia akicheka mpaka barabarani.

Tangu siku hiyo alikataa mgomba kuzikwa. Alisema, "Hazikwi mtu aliye hai. Nimemuuliza, ameniitikia." Ndugu wamekwisha fika kutoka Rungwe, wamekaa uani, hawajui waondoke au wabaki. Mgomba ukaanza kuoza. Nilipokwenda na wanawake wenzangu nikaukuta umelala kitandani, umefunikwa shuka mpaka kifuani, pembeni kuna sahani ya wali na maharage. Maji meusi yanatoka ndani yake yanadondoka sakafuni, tone, tone, na mama Tusekile anayapangusa kwa kitambaa anasema, "Analoa. Ametoka mtoni sasa hivi." Akanitazama. "Wewe naye mlikuwa mnaimba pamoja. Ulimsikia?"

Nikasema, "Nilisikia, mama."

Uwongo una namna nyingi. Huo nao ulikuwa uwongo.

Jumatano wavuvi walimkuta ndani ya mto, maji yamefika kiunoni, anaita. Wakamtoa. Alhamisi wakamkuta tena, maji kifuani. Mto ule hata ng'ombe ulikuwa unabeba.

Mama mkwe wangu alikuwa ametutembelea kutoka Kalenga, na Jumapili alikuwemo ghalani. Mama wa maneno machache, anavuta ugoro, anapiga chafya kabla ya kukusema, kwa hiyo chafya yake tuliiogopa. Alhamisi jioni akapiga chafya.

"Ile pumzi ya mwisho wa wimbo," akasema, "umeitoa wapi?"

"Pumzi gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mimi nimekusikia ukitwanga, ukifua, ukigombana na mwanangu. Hiyo siyo pumzi yako. Umevaa nguo ya marehemu kabla wenyewe hawajaigawa."

Nikalia. Nikasema sikukusudia.

"Umekusudia. Ungekuwa hukukusudia ungefanya mara moja." Akafunga kikopo chake. "Nenda kwa yule mama sasa hivi. Uchungu wa mwana aujua mzazi, wewe hujazaa, umeucheza kama ngoma. Nenda akauone mdomo wako."

"Nitakwenda, mama. Jumamosi ikipita. Nimemwahidi Ramji kuimba tena."

Akakifutika kikopo kiunoni. "Haya," akasema. "Basi na wewe utaitikiwa."

Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini. Neno hilo lilinipita kama upepo.

Jumamosi nikakaa tena kwenye debe langu. Kupitia tundu la shuka nikamwona mama Tusekile mbele kabisa, amevaa nguo safi, ameleta sweta la Tusekile amelikunja mapajani. Alipoliweka sawa lile sweta, nikaondoa jicho langu tunduni. Nikasema moyoni, leo siimbi, wakipiga kelele na wapige. Nikachukua pembe ya kanga nikajiziba mdomo, nikaikamata kwa mikono miwili.

Wimbo ukafika. Yule mwanamke wa picha akafungua mdomo, ananitazama.

Na wimbo ukaimbwa.

Sijui nikuambie ulitoka wapi. Mimi niliusikia nyuma ya shingo yangu, upande ambao hapakuwa na kitu ila magunia. Ulikuwa mdogo, kama wa mtu aliyeinama anafanya kazi. Sikugeuka. Nilikuwa nahesabu meno yangu kwa ulimi nihakikishe mdomo umefungwa. Mstari ukaisha, "Hh," na nywele za shingoni zikapata ubaridi, kama mtu amezipulizia. Mbele, ghala lote kimya. Mama Tusekile hakuita safari hii. Alisikiliza tu.

Waliponitoa nje, maana habari ilikwisha enea kuwa mwimbaji ni mimi, ndipo nikapewa yale mayai. Ramji alikuwa anakunja waya, anatikisa kichwa. "Dada, leo umeimba kuliko siku zote. Ila kidogo ulipitiliza. Midomo ya picha imekwisha fungwa, wewe bado unaimba."

Yale mayai niliyaacha chini pale pale. Nilikwenda kwa mama Tusekile na jua bado liko juu. Nikapiga magoti mbele ya ndugu zake wote wa Rungwe. Nikasema, "Mama, aliyekuitikia Jumapili ni mimi. Niliiga pumzi ya Tuse ili watu walie." Mjomba akasimama, nadhani alitaka kunipiga, na angenipiga ingekuwa haki yangu.

Mama Tusekile akamzuia. Akaniambia, "Imba."

Nikaimba, hapo uani, mchana kweupe, kuku wanapita. Akaweka kiganja kwenye koo langu, kingine juu ya midomo. Nilipofika mwisho wa mstari nikajaribu ile pumzi. Haikutoka. Nikajaribu tena. Ilitoka kikohozi tu.

"Jumapili ulikuwa wewe," akasema. "Nimeshajua. Ulikuwa unaimba kama mtu anayejua anasikilizwa. Lakini leo hukuwa wewe."

"Leo sikuimba, mama."

"Najua. Leo mwisho wa wimbo aliniita kwa jina la utoto wangu, jina la Rungwe. Wewe hulijui." Akaondoa mikono. "Alikuwa anahangaika wiki nzima kuaga na wewe umekaa mlangoni kwake unaongea. Wewe! Ungemfungia njia."

Halafu akamgeukia mjomba, sauti imechoka, lakini ni ya mtu mzima mwenye akili zake. "Chimbeni. Kesho asubuhi tuzike."

Tulizika. Mgomba ulikuwa mwepesi, maji yake yameshautoka, ukavishwa lile sweta. Alilia yule mama, kilio cha kweli, kinachoanzia tumboni, nami nililia pembeni bila kutoa sauti, maana sauti yangu nilikuwa naiogopa. Mtoni hakurudi tena. Alilima mpunga miaka mingi, tukawa tunasalimiana, ila kuimba mbele yake sikuthubutu. Ramji alipata kitaa chake, picha zikasema zenyewe.

Wengine wameniambia labda aliimba mwanamke mwingine mle gizani, nyimbo zile wengi walikuwa wamekwisha zishika. Inawezekana. Sibishani. Mimi nilikuwa kwenye debe.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu nasikia siku hizi kwenye misiba mnachukua sauti ya marehemu kwenye simu, mnaiweka kwenye spika kubwa ili waombolezaji walie zaidi. Msiba wa mtu usiuongezee chumvi. Sauti ya aliyekufa ni mali ya waliomzaa, usiivae kwa ajili ya sifa, hata kama unaiweza, na hasa kama unaiweza. Na ukishakosa, mwonyeshe uso wako yule uliyemkosea, siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilingoja siku sita, na siku sita zilitosha kumfikisha mama wa watu maji ya kifuani.

Mungu akupe sauti yako mwenyewe, akupe na watu wa kuisikia ungali hai. Akuepushe na sifa inayomliza asiyestahili. Na siku yako ikifika, uzee umeshakujaa, uage mara moja tu, wapenzi wako wasikie vizuri, njia yako iwe wazi. Amina.